Tumpime Mhitimu Kabla ya Kumlaumu

Katika magazeti, katika redio, na hata katika mabaraza ya hapa Msangano, siku hizi neno moja lasikika mara kwa mara: ya kuwa vijana wanaotoka vyuo vikuu hawajui kazi. Wenye makampuni wasema hivyo, wakubwa wa maofisi wasema hivyo, na mzee aliyekaa chini ya mwembe akingoja jua lipoe asema hivyo pia, ijapokuwa yeye hajapata kumwajiri mtu ila wa kumsaidia kulima mpunga. Kwa upande wa pili, wahitimu wenyewe wasema kuwa kazi waijua sana, ila hawapewi nafasi ya kuionyesha. Kila upande umeshika neno lake, na mabishano hayana mwisho.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne, nina umri wa miaka 17, na sijakanyaga chuo kikuu chochote. Huenda msomaji akauliza, je, aliye nje ya nyumba aweza kusema nini juu ya mambo ya ndani? Najibu kuwa jambo hili latuhusu sisi kuliko wengi. Baada ya mtihani wetu wa taifa itampasa kila mmoja wetu ashike njia yake: kidato cha tano na hatimaye chuo kikuu, au chuo cha ufundi, au kurudi nyumbani kushika jembe. Nao wazazi wetu watauza mpunga, ufuta na ng'ombe ili watusomeshe. Mtu anayenunua ng'ombe mnadani humtazama meno na kwato kabla ya kutoa fedha yake. Basi ni haki yetu nasi kuitazama shahada vizuri kabla ng'ombe huyo hajauzwa kwa ajili yake.

Shauri langu ni moja. Mhitimu apimwe: apimwe mapema, apimwe kwa kazi, na apimwe na watu wanaoijua kazi hiyo, kisha lile litakaloonekana limepungua, afundishwe. Kumlaumu mtu bila kumpima ni uonevu. Na kumpima bila kumfundisha ni kumsumbua bure.

Zamani lawama hizi hazikuwako, maana wahitimu wenyewe hawakuwako. Mwalimu Nyerere aliwahi kueleza kuwa Waingereza walipoondoka, nchi ilikuwa na wahandisi 2 tu na madaktari 12. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961, majuma machache kabla ya Uhuru, katika jengo la TANU la Mtaa wa Lumumba, na wanafunzi wake wa kwanza, ambao wote walisoma sheria, hawakufika 20. Mtu mwenye shahada siku zile hakuulizwa anajua kufanya nini. Kiti kilikuwa tayari chamngoja, naye aghalabu alijifunza kazi akiwa amekaa katika kiti hicho hicho, akikosea na kurekebishwa. Wazee wetu wanaosema kwamba wasomi wa zamani walikuwa hodari, wasema kweli. Walakini wasisahau kwamba wasomi hao walipewa kazi kwanza, na uhodari ukaja baadaye.

Leo mambo ni mengine. Sokoine cha Morogoro kilianzishwa mwaka 1984, Dodoma mwaka 2007, na sisi watu wa Songwe tuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia karibu yetu, katika Jiji la Mbeya. Tangu mwaka 2005 iko Bodi ya Mikopo, na kwa msaada wake watoto wa wakulima na wafugaji wameingia vyuoni kwa wingi. Hili ni jambo la kushukuru sana, wala mimi si miongoni mwa wale wasemao kuwa wahitimu wamezidi mno. Nchi haiwezi kuwa na watu wengi mno wenye akili iliyofunzwa. Lakini kiti hakingoji tena. Mhitimu wa leo atoka chuoni akiwa mwanagenzi kama yule wa mwaka 1961, ila yeye hana kiti cha kujifunzia.

Hapa yafaa tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Mwaka 2014 Idara ya Uhamiaji ilitangaza nafasi 70 za kazi. Walioitwa kwenye usaili walizidi 10,000, hata ikabidi wakalishwe katika Uwanja wa Taifa wa Dar es Salaam, mahali pa kutazamia mpira. Hebu tufanye hesabu nyepesi. Kama wote 10,000 wangekuwa hodari kupita kiasi, wangeajiriwa 70, na 9,930 wangerudi nyumbani na uhodari wao. Hivyo si kila mhitimu asiye na kazi ni mjinga wa kazi. Upungufu wa nafasi ni jambo moja, na upungufu wa ujuzi ni jambo jingine. Anayetaka kutibu homa kwa dawa ya minyoo hatapona.

Hata hivyo upungufu wa ujuzi nao upo, wala haufai kufichwa. Mwaka huo huo wa 2014 ilitangazwa habari ya uchunguzi wa Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, ya kuwa wahitimu 61 katika kila 100 wa Tanzania hawakuwa na ujuzi unaotakiwa kazini. Majirani zetu nao hawakusalimika: Uganda 63, Burundi 55, Rwanda 52, na Kenya 51. Tukumbuke kuwa hesabu hiyo ilitokana na maoni ya waajiri, na mwajiri, kama mnunuzi mwingine yeyote, hupenda kusema bidhaa ni mbovu. Walakini hata tukipunguza nusu ya maneno yao, yanayobaki ni mengi.

Tena kuna jambo lililotokea mwaka 2022 ambalo kila mwanafunzi apaswa kulijua. Kijana akiisha kupata shahada ya sheria, na akitaka kuwa wakili, hana budi apite katika Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo iliyoko Dar es Salaam. Huko hafundishwi tena sheria kama elimu tu, bali hufundishwa kuitumia: kuandika hati, kuhoji shahidi, kusimama mbele ya hakimu. Oktoba mwaka huo yalitoka matokeo ya wanafunzi 633. Waliofaulu mitihani yote walikuwa 26. Waliotakiwa kurudia baadhi ya mitihani walikuwa 342. Na walioshindwa kabisa walikuwa 265. Wote hao 633 walikuwa na shahada mkononi! Nchi nzima ikashtuka. Wengine waliwalaumu wanafunzi, wengine wakavilaumu vyuo vilikotoka, wengine wakailaumu taasisi yenyewe. Na Waziri wa Katiba na Sheria aliunda kamati, mwenyekiti wake Dokta Harrison Mwakyembe, iichunguze habari hiyo.

Mimi nililofundishwa na jambo hili ni kwamba kipimo kilichelewa. Kijana alisoma sheria miaka mitatu au minne, akafaulu, akavaa joho, wazazi wakachinja mbuzi. Kisha ndipo akaambiwa kuwa hajui. Kwa nini hakuambiwa katika mwaka wa pili, wakati ambapo dawa ingali yafaa? Daktari mwema humpima mgonjwa ili ajue dawa ya kumpa. Anayempima mgonjwa siku ya mazishi hakumsaidia, hata kama kipimo chake ni sahihi.

Sasa tuulize, ni nini hasa kinachopungua? Kwa kusikiliza maneno ya waajiri, ya wahitimu waliorudi nyumbani, na ya watu wanaohudumiwa nao, naona mambo matatu.

La kwanza ni mkono. Mhitimu wa kilimo aweza kuyataja magonjwa yote ya mpunga kwa majina ya kitaalamu, lakini hajapata kulivaa bomba la kupulizia dawa begani, wala hajui ni vifuniko vingapi vya dawa vyatosha bomba moja la maji. Mhitimu wa hesabu za fedha ajua kanuni, lakini hajapata kufunga kitabu cha mwezi cha chama cha ushirika ambamo fedha zimepungua na wanachama wamekasirika. Ni kweli kwamba vyuo huwapeleka wanafunzi kujifunza kwa vitendo. Lakini ni kwa majuma machache, na katika ofisi nyingi mwanafunzi huyo hupewa kazi ya kutoa nakala za karatasi na kupeleka mafaili kutoka chumba hiki kwenda chumba kile. Baadaye hupigiwa muhuri kuwa amejifunza.

La pili ni ulimi. Sisi tangu kidato cha kwanza twasoma kwa Kiingereza, na chuoni ndiyo lugha ya masomo vile vile. Matokeo yake ni kwamba wengi wetu hatukijui Kiingereza sawasawa, na yale tuliyojifunza kwa Kiingereza hatuwezi kuyasema kwa Kiswahili. Mama wa hapa bondeni akimwuliza mtaalamu kwa nini mche wake umegeuka manjano, atamwuliza kwa Kiswahili, au kwa Kinyamwanga, na jibu lisilo katika lugha hiyo si jibu. Wakati huo huo, mtu anayetaka kazi ya uwakala wa forodha pale Tunduma, ambako tangu mwaka 2019 kituo cha pamoja cha mpakani chahudumia malori ya Tanzania na ya Zambia mahali pamoja, hana budi aandike barua ya Kiingereza isiyo na makosa, kisha atoke nje azungumze na dereva aliyetoka Lubumbashi kwa Kiswahili cha huko. Ujuzi usioweza kusemwa kwa lugha ya anayeuhitaji ni maji yaliyo ndani ya mtungi uliozibwa.

La tatu ni tabia ya kazi. Kufika mapema, kuuliza usipojua, kutunza siri ya ofisi, kumaliza ulichoanza, na zaidi ya yote, kukubali kufundishwa na mtu asiye na shahada. Hapa kwetu wako mafundi wa mashine za kukoboa mpunga ambao hawakufika hata kidato cha kwanza, nao husikia kwa sikio tu kwamba mkanda umelegea. Mhitimu wa uhandisi atakayeona haya kumwita mtu kama huyo mwalimu wake, hata akikaa karibu naye mwaka mzima hatajifunza kitu.

Je, kosa ni la nani? Nathubutu kusema kuwa kila mtu ana sehemu yake. Vyuo hupokea wanafunzi wengi kuliko vyombo na waalimu walivyonavyo. Waajiri hutangaza kazi za wanaoanza, kisha huandika chini yake, "awe na uzoefu wa miaka mitatu". Nami hujiuliza, kama kila mwajiri ataka aliyekwisha kufundishwa na mwenzake, ni nani atakayefundisha? Wazazi wetu, watuwie radhi, wakati mwingine humlazimisha mtoto asomee kazi yenye jina kubwa ili jirani asikie, na hawamwulizi mtoto anaweza nini. Nasi wanafunzi tunayo sehemu, wala si ndogo. Tumezoea kukariri. Twatafuta mitihani ya miaka iliyopita, twameza majibu yake, twayatapika katika chumba cha mtihani, na juma la pili hatuyakumbuki. Mtu aliyekariri kutoka darasa la kwanza mpaka shahada, tusishangae akiwa hawezi kitu siku ya kwanza ya kazi.

Hasara ya mambo haya hapa Msangano si ya mhitimu peke yake. Wako vijana wenye shahada katika kata yetu. Mmoja huendesha bodaboda, mwingine huuza duka la shemeji yake, na wengine hulima. Kazi hizo ni za halali, na mwenye kuzifanya astahili heshima. Lakini nimemsikia mzazi mmoja akisema, "Mtoto wa fulani ana shahada na analima kama mimi. Basi wangu atalima bila kunipotezea ng'ombe." Neno hilo la mzazi ni baya kuliko hesabu zote nilizotaja juu, maana humwangukia mtoto ambaye hata hajaanza. Na mara nyingi wa kwanza kuangukiwa ni binti. Mvulana hupewa nafasi ya kujaribu. Binti huambiwa kuwa mfano umekwisha kuonekana, na posa inakubaliwa. Hivyo kila mhitimu aliyeachwa akae bila kupimwa na bila kufundishwa huwafungia njia watoto kumi nyuma yake, naye mwenyewe hajui.

Tufanyeje basi? Mfano mwema tunao, nao uko katika hospitali. Daktari wa Tanzania husoma miaka mitano, kisha hatupwi nje ajitafutie. Hukaa mwaka mmoja hospitalini katika utarajali, akitibu chini ya macho ya madaktari wakubwa, na baada ya hapo ndipo huaminiwa kusimama peke yake. Katika mwaka huo hakuna amwitaye mjinga, maana kila mtu ajua kuwa anajifunza. Hakuna aone aibu, wala mgonjwa hauawi na mtu anayejifanya kujua. Sasa, je, mmea haufi? Fedha za ushirika hazipotei? Daraja halianguki? Kama tumeona kuwa mwili wa mtu wahitaji mwaka wa uanagenzi, mbona shamba, kitabu cha hesabu na mashine havihitaji?

Nchi yetu ilikwisha kujaribu njia kama hii, na yafaa tujue ilivyokuwa. Mwaka 1966 Serikali ilitaka wahitimu watumikie Jeshi la Kujenga Taifa miaka miwili, na kwa muda mwingi wa miaka hiyo wapokee sehemu 40 katika 100 ya mshahara tu. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi wakaandamana kupinga. Mwalimu Nyerere alikasirika, akawarudisha makwao wanafunzi zaidi ya 300, na siku hiyo hiyo akapunguza mshahara wake mwenyewe. Kisha mwaka 1974 likaja Azimio la Musoma, lililotaka waliomaliza kidato cha sita wafanye kazi kwanza kama miaka miwili, na kuingia kwao chuo kikuu kutegemee pia ushuhuda wa waliofanya nao kazi. Baadaye masharti hayo yalilegezwa. Sisemi yarudishwe kama yalivyokuwa. Lakini ndani ya Azimio lile mna mbegu njema: ya kuwa ushuhuda wa mtu uliyefanya naye kazi wafaa kuwekwa mezani pamoja na maksi za mtihani.

Siku hizi pia Serikali haikulala. Kwa huduma zake za ajira hupeleka wahitimu katika utarajali wa kazini. Na Sera ya Elimu iliyozinduliwa Dodoma mwaka 2025 imeweka mkondo wa amali katika shule za sekondari, ili mwanafunzi ajifunze ufundi pamoja na masomo. Lakini nafasi za utarajali nyingi ziko mijini kwenye maofisi, nasi tuko mbali. Tusikae tukingoja basi lisilopita njia yetu. Kuna mambo ambayo sisi wenyewe, katika kata hii, twaweza kuyafanya.

Kwanza, Ofisi ya Mtendaji wa Kata iandike orodha ya wahitimu wote waliopo nyumbani, na masomo waliyosoma. Kazi hii haihitaji fedha. Yahitaji daftari moja.

Pili, kila mmoja apewe mtu wa kumsimamia kwa msimu mmoja. Aliyesoma kilimo akae na afisa ugani pamoja na mkulima hodari wa mpunga, tangu kitalu mpaka ghala. Aliyesoma hesabu akae na mweka hazina wa chama cha ushirika wakati wa mauzo ya ufuta. Aliyesoma ualimu asaidie katika masomo ya sayansi, mwalimu mwenye somo akiwa darasani, kwa idhini ya wakubwa wa elimu.

Tatu, msimu ukiisha msimamizi aandike karatasi moja yenye sehemu tatu: mambo ambayo mhitimu ayaweza peke yake, mambo ambayo ayaweza akisimamiwa, na mambo ambayo bado. Isiwe na maksi, wala "amefaulu" au "ameshindwa". Kwa mfano, yule wa hesabu yaweza kuandikwa hivi: aweza peke yake kujumlisha mauzo ya kila siku na kuandika stakabadhi, aweza akisimamiwa kufunga hesabu za msimu, bado hawezi kuwaeleza wanachama, kwa maneno wanayoyaelewa, makato yametoka wapi. Karatasi kama hiyo yamfaa mhitimu, maana sasa ajua la kujifunza. Yamfaa na mwajiri, maana sasa ajua anamchukua nani. Kwa mtu anayetafuta kazi, ni bora kuliko barua kumi za "ni kijana mwenye tabia njema".

Nne, na hili nalisisitiza, asifanyishwe kazi ya bure mwaka baada ya mwaka kwa jina la mafunzo. Wako watu ambao wakisikia neno "kujitolea" hufurahi, maana wamepata mtumishi asiyelipwa. Msimu uwe na mwanzo na mwisho unaojulikana, na mwanagenzi apewe chakula na nauli. Mtu mwenye njaa hapimwi ujuzi wake, bali hupimwa njaa yake.

Najua yatakayosemwa kunipinga. Mzee atasema, "Miaka 16 ya kusoma haikutosha? Tumwongezee mingine?" Nami namjibu kwa heshima kuwa yeye mwenyewe, akiisha kuvuna, hatii mpunga chunguni siku hiyo hiyo. Huuanika, huupeleka mashineni, huupepeta, ndipo upikwe. Wala hausemi kuwa miezi ile ya shambani imepotea. Mhitimu naye atasema kuwa kupimwa mbele ya watu wa kijiji chake ni aibu. Lakini kila siku anapimwa, kwa maneno ya barazani, na watu wasiojua alichosoma. Afadhali apimwe na anayejua, tena kwa karatasi ambayo aweza kuisoma na kuijibu.

Kwenu wanafunzi wenzangu, nasema tusingoje shahada ndipo tuanze. Shamba la shule lipo. Anayelichukia kama adhabu na anayejifunza ndani yake hutoka jasho sawa, lakini hawatoki na faida sawa. Ziko kamati za bweni, liko duka la shule, kiko chama cha midahalo. Humo mtu aweza kujifunza kutunza fedha za wenzake, kuandika muhtasari wa kikao, na kusema mbele ya watu bila kutetemeka. Wakati wa likizo tukae na fundi mmoja, hata kwa juma mbili. Na atakayechagua chuo cha ufundi asidhani kuwa ameshika njia ya walioshindwa. Wale mafundi niliowataja hawana cha kuwaonea haya wenye shahada, nao wenye shahada wana mengi ya kuwauliza.

Kwa wazazi wetu, naomba neno moja tu. Mkimwona kijana mwenye shahada amekaa, msiseme shahada haina kazi. Ulizeni kwanza, je, amepimwa? Aweza nini, na limepungua nini? Nani angeweza kumfundisha? Kisha mkirudi nyumbani, msimtoe binti yenu shule kwa sababu ya mtu ambaye hakuna aliyejishughulisha kumpima. Vyombo tuvionavyo vikielea vimeundwa, na seremala hakutupa ubao kwa kuwa ulikuwa haujarandwa.

Ikiwapendeza walimu wetu na Bodi ya Shule, jambo hili la orodha na wasimamizi lizungumzwe katika mkutano ujao wa wazazi. Tukianza na wahitimu watatu tu, na msimu mmoja wa mpunga, tutakuwa tumejua zaidi ya tunavyojua sasa. Maana sasa, kwa hakika, twalaumu tu.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne
Msangano